Mtu na Mkwewe, Mfuko Mmoja wa Fimbo

Butiama, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Stanslaus,

Salamu zikufikie hapo Makoko, wewe na Hilda na wajukuu. Huku tu wazima. Mvua zilizidi, mihogo ya bondeni imeoza, ya mlimani imesalimika. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Padre mpya ana sauti ndogo, waliokaa nyuma hawasikii mahubiri, na sasa wapo wanaowahi viti vya nyuma.

Nakuandikia kwa sababu simu unaijua: nikipiga, nyumba nzima inanyamaza kunisikiliza, na hili si la kusikilizwa. Barua nampa katekista, anakuja Musoma Jumatano.

Ephraim amehamishwa. Nimeambiwa na mzee Makongoro, yule anayetunza uwanja wa gofu, maana yeye husikia ya watu wote. Anatakiwa aripoti Tunduru tarehe moja Oktoba. Niliitafuta Tunduru kwenye ramani ya shule, kidole kikavuka nchi nzima. Anaondoka na Happyness.

Mtoto ana miaka saba. Huu ni mwaka wa tatu tangu binti yangu Nyangi afariki, na muda wote huo mtoto anaishi na baba yake hapo Bunda, mimi naletewa kila mwisho wa mwezi na shangazi yake, Wankyo. Nilikuwa nimekubali hivyo. Tunduru sikubali. Nataka mtoto abaki hapa kwangu.

Sasa nitamwambiaje? Ni mkwe wangu. Tangu alipomwoa Nyangi mwaka 2015 sijamtazama usoni, wala yeye mimi. Tukikutana njiani mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Hata klabu ya gofu tuligawana siku, mimi Jumamosi na yeye Jumapili baada ya ibada. Wewe ndiye uliyekwenda na kurudi wakati wa posa. Nenda tena.

Dada yako,
Marcelina


Makoko, Musoma, 3 Machi 2024

Dada, shikamoo.

Sisi tupo. Hilda anasumbuliwa na presha lakini dawa anameza. Ziwa limepanda, limefika kwenye ukuta wa jirani, naye anajenga ukuta wa pili nyuma ya ule wa kwanza. Gazeti limenipunguzia kurasa, nimebaki na michezo na mahakama.

Nilikwenda Bunda Jumanne. Nilimkuta Ephraim ofisini kwake, idara ya mifugo, anajaza fomu za chanjo. Nilimweleza ulivyoniagiza, bila kuongeza. Alimaliza fomu aliyoishika, akaigonga muhuri.

Amesema atafikiria.

Nitakujulisha likitokea lingine.

Mdogo wako,
Stanslaus


Butiama, 26 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako niliipata Pasaka. Nilikuwa na kazi.

Ndama yule amekufa. Wankyo alimleta Happyness, anasoma sasa bila kufuata kwa kidole. Pole kwa Hilda, mwambie apunguze chumvi na asinidanganye kwamba ameshapunguza.

Kuna jambo la Kirumbe. Unaijua klabu yetu ilivyo, mashimo tisa msituni, mikaratusi na misindano iliyopandwa na kiwanda cha pamba kabla hakijafungwa. Mimi nilikuwaga nesi wa zahanati ya kiwanda, mke wa meneja alikosa mwanamke wa kucheza naye, akanifundisha. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba mwaka huu tuna nahodha mpya, Dokta Samweli, mgeni mkoa huu, mtu mzuri, anapenda utaratibu. Amerudisha mashindano ya jozi, mwanamume na mwanamke. Mpira mmoja, mnapokezana kuupiga, mashimo tisa mara mbili. Hakuna wabeba fimbo. Kila jozi ina mfuko mmoja na inaubeba yenyewe.

Zamani mtu alichagua mwenzake. Dokta akaona hiyo inawaonea wasio na wake wanaocheza, akaamua kura. Aliweka majina ya wanaume kwenye bakuli moja, ya wanawake kwenye jingine. Akachomoa la Ephraim. Akachomoa la kwangu. Akayasoma yote mawili kwa sauti na kutabasamu.

Makongoro anasema ukumbi ulinyamaza mpaka kijiko kilichoanguka jikoni kikasikika. Dokta akauliza, "Kuna tatizo?" Nani atamjibu? Wakasema hakuna.

Ni tarehe 20 Julai, Jumamosi.

Marcelina


Makoko, 9 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Jitoe. Sema goti, sema macho, sema msiba. Nesi wa miaka thelathini hawezi kukosa ugonjwa.

Mtu na mkwe wake kushika fimbo zile zile, kutembea njia moja kwa saa tano, watu wanatazama! Wazee wa Butiama wakisikia, na watasikia, watasema msiba umekuharibu. Na yeye Ephraim mbona hajajitoa? Nilimpigia simu. Alisema, "Mjomba, jina langu limesomwa." Basi.

Hapa hakuna jipya. Wajukuu wana surua, wamepata nafuu.

Stanslaus


Butiama, 30 Juni 2024

Stanslaus,

Sijitoi. Usiniulize kwa nini.

Njoo siku hiyo. Mimi sitaweza kumwangalia, nitaangalia mpira na nyasi. Utamwangalia wewe kwa niaba yangu: anasimama wapi, anafanya nini mimi nikiwa nimegeuka. Halafu niandikie kama unavyoandikiaga gazeti. Usipambe.

Kuhusu lile la mtoto, naona bado anafikiria.

M.


Makoko, 24 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Hilda anakusalimu, presha imeshuka, chumvi hajapunguza.

Nimeandika mechi, misiba na kesi za wizi wa ng'ombe miaka thelathini na minne, na nilichokiona Jumamosi sijui ningekiweka ukurasa gani. Naanza na yaliyo hakika.

Jozi zilikuwa kumi na moja. Mlianza saa mbili na dakika kumi asubuhi, kundi moja na Fredi na Sara, wale mume na mke walimu wa Musoma, ambao kura iliwarudisha pamoja. Upepo wa ziwani, mdogo. Watazamaji walizidi arobaini, wakati Makongoro anasema miaka mingine huja watu sita na mbwa. "Leo hata tumbili wamewahi," alisema. Nikatazama juu, walikuwa wamejipanga kwenye mkaratusi.

Shimo la kwanza alianza Ephraim. Alipiga, akabeba mfuko mpaka karibu na mpira, akaulaza chini, vichwa vya fimbo vikielekea upande utakaotokea wewe. Akaondoka, akasimama nyuma ya mti. Ukaja, ukachagua fimbo, ukapiga, ukairudisha, ukaingia upande wako wa miti. Ndipo yeye akatoka upande wake, akauchukua mfuko. Nilihesabu hatua kutoka mfuko ulipolala hadi mpira ulipo: nane. Shimo la pili, nane. La tano, nane, na hapo alikuwa kwenye mteremko wa mawe. Njia ya katikati, wanapotembea wachezaji, ilikuwa tupu siku nzima.

Fredi na Sara waligombana mara nne kabla ya shimo la tatu.

"Nimekuambia kushoto!"

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto kwa watu wote, Fredi!"

Kufika shimo la sita na wao walikuwa wananong'ona. Kufika la tisa hawakusema tena. Watu arobaini walitembea msituni, na nilichokuwa nikikisikia ni majani makavu chini ya viatu na sauti ya mpira ukipigwa.

Kwenye mchanga. Kirumbe hamna majani mafupi ya kusukumia mpira kama viwanja vikubwa, mna duara la mchanga uliotiwa oili chafu, na kabla ya kusukuma, gunia linaburutwa kutoka mpira ulipo hadi shimoni ili njia iwe laini. Kila ilipokuwa zamu yako kusukuma, Ephraim alivua viatu kwanza. Aliviacha nje ya duara kama mtu anayeingia nyumbani kwa watu anaowaheshimu. Aliburuta gunia hadi shimoni, akaendelea kutembea moja kwa moja mpaka mitini, ili usimwone ukiinama. Fredi alimwambia, "Bwana, kuna miba hapa." Akaendelea kuburuta. Alifanya hivyo mara kumi na moja.

Jambo jingine naamini hukuliona. Ephraim anapiga mita mia mbili na thelathini, nimemwona. Jumamosi, kila alipoanza yeye kwenye shimo refu, mpira wake ulisimama mita mia moja na themanini. Mara saba. Fredi akasema, "Leo Ephraim hana nguvu." Makongoro akamwambia, "Usitazame mkono wake. Tazama mpira ulipo." Tukatazama. Mara zote saba ulikuwa mahali tambarare, pa kusimama miguu yote miwili usawa mmoja. Ukienda hatua thelathini mbele, ardhi inateremka. Alikuwa anaupunguza kwa makusudi. Sijui kwa nini. Naandika nilichoona.

Baada ya mashimo kumi na tano mlikuwa na mipigo sitini na tisa. Rekodi ya jozi Kirumbe ni themanini na nane kwa mashimo yote kumi na nane, na waliiweka mume na mke. Hakuna aliyepiga makofi. Si kwamba hawakutaka. Nadhani waliona wakipiga makofi kitu kile kitakatika.

La kumi na sita, zamu yako kuanza. Uliinama mfukoni, ukashika fimbo namba sita, ukaiacha, ukashika namba saba, ukaiacha. Ukasimama ukitazama miti, ukasema, "Fredi, namba sita si itapitiliza pale?"

Fredi amezaliwa Suguti, mkoa huu huu. Alijua hakuulizwa yeye. Akatazama viatu vyake. Na Ephraim, kutoka nyuma ya mti, akaziambia nyasi: "Fredi, upepo uko mgongoni. Saba inatosha."

Ukachukua saba. Mpira ulisimama hatua moja kutoka shimoni, akaumalizia.

Yaliyofuata uliyasikia, lakini yaandikwe. Dokta Samweli alikuwa nyuma yetu na kitabu cha sheria mkononi. "Mama, samahani sana. Umeomba ushauri kwa mpinzani. Ni mipigo miwili."

"Dokta," Fredi akasema, "hakuniuliza mimi."

"Amekutaja jina."

"Amenitaja mimi, amemuuliza huyo."

"Sasa kwa nini asimuulize mwenyewe? Ni mwenzake. Sheria inamruhusu!"

Watu arobaini wa mkoa huu, dada, na hakuna aliyefungua mdomo. Ungeweza kueleza. Sentensi moja ingetosha. Ulisema, "Andika mbili," ukaingia upande wako wa miti.

Shimo la mwisho mpira ulibaki mita tisa, zamu yako. Alivua viatu. Aliburuta gunia polepole kuliko mara zote. Katikati ya njia akapiga magoti, akaokota jani moja la msindano, akalitia mfukoni mwa shati, akamalizia kuburuta, akaingia mitini. Ukasukuma. Mpira ukaingia.

Huwa naandika saa ya kila tukio. Hilo sina saa yake. Sikuangalia.

Mipigo themanini na moja, na mbili za adhabu, themanini na tatu. Waliowashinda wana themanini na mbili, nao pia chini ya rekodi. Walipoitwa kuchukua kombe walikwenda wameinamisha vichwa kama watu walioitwa polisi.

Mdogo wako,
Stanslaus


Makoko, 18 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Wiki ya nne na hujajibu. Natumaini ni kazi tu. Katekista anasema alikuona kanisani, mzima.

Ephraim alikuja hapa Jumapili iliyopita na jogoo wa kumpa Hilda. Amenituma. Nanukuu neno kwa neno, nilikuwa na daftari:

"Mjomba, mwambie mama, mtoto abaki kwake. Nilitembea naye siku nzima. Kabla ya kupiga mpira anakohoa kidogo, kikohozi kimoja, kikavu. Happyness anafanya hivyo hivyo akitaka kuanza kusoma. Nilikuwa namkemea. Sikujua ametoa wapi."

Nikamuuliza kama amefikiri vizuri. Akasema nyumba itakuwa kubwa, lakini atazoea.

Kwa hiyo umepata ulichotaka. Sasa na mimi niseme langu. Ile Jumanne nilipomfuata Bunda hakusema atafikiria. Alisema, "Hapana. Mtoto ni wangu, na hayo yaishe." Mimi nikaandika atafikiria. Katika kazi yangu yote nimebadilisha maneno ya mtu mara hiyo moja. Niliogopa mkivunjika hapo hamtaungika tena. Nisamehe, au usinisamehe, lakini ujue.

Stanslaus


Butiama, 8 Septemba 2024

Mdogo wangu Stanslaus,

Marahaba. Mahindi yamekauka vizuri, tumeanza kupukuchua. Padre amenunuliwa kipaza sauti na wale wa nyuma wamehamia nje.

Hilo la barua ya mwezi wa tatu nilijua. Wewe huandikagi "amesema atafikiria". Wewe ukiwa na maneno ya mtu unayaweka kama yalivyo, na zile alama zake za kunukuu. Nilipoziona hazipo nikajua jibu. Ndiyo maana sikujitoa kwenye mashindano. Nilitaka nisogee karibu na mtu aliyeninyima mjukuu wangu, nijue ni mtu gani. Nilikwenda pale na hasira, Stanslaus. Nilitaka apige vibaya mbele za watu.

Barua yako ya Julai nimeisoma mara nyingi. Ile sehemu ya mahali tambarare. Uliandika hujui kwa nini. Goti langu la kushoto halishiki kwenye mteremko tangu mwaka 2017. Sikumwambia daktari, sikukuambia wewe. Ulipoandika "sema goti" ulikuwa unabahatisha. Nilimwambia Nyangi peke yake, jikoni, tukimenya viazi, nikamwonya asimwambie mtu.

Kumbe alimwambia mumewe. Na huyu hajanitazama miaka tisa, lakini jambo hilo amelitunza mpaka leo, mwanangu yuko kaburini.

Nilikaa na hiyo barua wiki tatu. Ndipo yako ya pili ikaja, kwamba mtoto ni wangu.

Jana sikucheza. Nilikwenda Bunda. Wankyo aliniona kwa mbali akamwingiza kaka yake ndani mbio. Nikawekewa kigoda nje, chini ya dirisha lao. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia anavyosogeza kiti. Nikamwita Happyness.

"Mwambie baba yako, mtakwenda Tunduru wote wawili."

Mtoto akatazama dirishani. "Bibi, mbona amesikia?"

"Mwambie tu."

Akaingia, akasema, akatoka. "Anauliza kama umefikiri vizuri."

"Mwambie mimi nimekaa wodini miaka thelathini. Mtoto ninamjua na anayeweza kumlea ninamjua."

Akaingia. Akachelewa. Akatoka. "Hasemi kitu."

"Basi mngoje."

Tulingoja. Kuku walipita. Nikasema na hili: likizo ya Juni na ya Desemba ni zangu, mtoto aletwe, na asikemewe kikohozi. Akaenda akarudi. "Anasema ndiyo. Halafu amesema ndiyo tena." Kisha akasimama pale anachezea mlango. "Na anauliza, bibi atakunywa chai?"

Unajua sijawahi kuonja kitu cha nyumba ile. Wankyo aliganda na ufagio mkononi.

Nikasema niletewe. Ilikuwa ya birika moja, nilimsikia ndani akijimiminia na yeye. Yeye huko, mimi nje, ukuta katikati. Mtoto alikaa kizingitini anakula mkate, mguu mmoja ndani, mmoja nje, anatutazama kwa zamu.

Nilikunywa vikombe viwili.

Dada yako,
Marcelina